Botvinnik na Capablanca, 1938: gemu ya d4 iliyoamuliwa muvu ya 14, sio ya 30

Ukishaanza kutazama gemu za zamani za sataranji, hii utakutana nayo tu. Mikhail Botvinnik ana nyeupe, José Raúl Capablanca ana nyeusi, mji ni Rotterdam, Uholanzi, tarehe 22 Novemba 1938. Na kila anayekuonesha atakuonesha kitu kilekile: muvu ya 30, askofu anaenda a3 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa kulala kuhesabu toka upande wa nyeupe) kujitoa aliwe bure, watu wanashika vichwa, basi imeisha. Sawa, ile muvu ni kali na sibishi. Ila ukiisoma hii gemu kuanzia hapo unakuwa umeingia filamu ikiwa imebaki dakika kumi, manake sababu ya ile kafara kufanya kazi iliwekwa kwenye ubao muvu kumi na sita nyuma, na iliwekwa na Capablanca mwenyewe kwa kusukuma askari mmoja hatua moja.

Huyo askari ndo ninayetaka tumtazame. Chukua ubao au fungua simu, tutapita gemu nzima, kwenye sehemu nyepesi tunakimbia.

Kwanza mazingira kidogo. Mashindano yenyewe yaliitwa AVRO, jina la shirika la redio la Uholanzi lililodhamini, na walialikwa watu wanane tu ila wanane wenyewe ni hatari: Alekhine aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, Capablanca aliyekuwa bingwa kuanzia 1921 hadi 1927, Euwe aliyekuwa bingwa 1935 hadi 1937, halafu vijana Botvinnik, Keres, Fine, Reshevsky na Flohr. Kila mmoja anacheza na mwenzake mara mbili, yaani gemu 14 kwa kila mchezaji, na walikuwa wanahamishwa mji hadi mji, leo Amsterdam kesho kutwa kwingine, safari kila mara. Kijana unavumilia hiyo. Capablanca alikuwa ametimiza miaka 50 siku tatu kabla ya hii gemu, afya yake haikuwa nzuri, na Botvinnik alikuwa na 27. Nasema hivi sio kumtafutia Capa kisingizio, manake utaona mpaka muvu ya 19 alicheza alichokipanga na alipata alichokitaka. Tatizo lilikuwa kwenye mpango wenyewe.

Tuanze. 1. d4, askari wa mbele ya malkia hatua mbili. Tofauti yake na e4 ni kwamba huyu askari wa d4 amezaliwa na mlinzi, malkia yuko nyuma yake tayari, kwa hiyo vita ya kuzidiana pale katikati haiwaki haraka. Ndo maana watu wanasema d4 ni ya wazee, inachelewa, kete zinajipanga weee hakuna kinachotokea. Ukweli ni kwamba vinatokea vingi ila vinatokea kwa askari, na askari hawarudi nyuma, kwa hiyo kila ukimsukuma mmoja umesaini kitu ambacho huwezi kukifuta. Hiyo ndo d4 kwa ufupi.

Capa anajibu farasi f6, Botvinnik c4, Capa e6, Botvinnik farasi c3, na hapo Capa anamtoa askofu mpaka b4 anambana yule farasi. Ufunguzi huu ni Nimzo ya Kihindi, wengi wanaiita Nimzo tu, wa Aron Nimzowitsch. Wazo ni moja: nyeupe anataka kusukuma e4 awe na askari wawili wanene katikati, farasi wa c3 ndo anasaidia hiyo e4, basi mbane farasi, na ikibidi mle kabisa.

4. e3 d5, halafu 5. a3. Hapa Botvinnik anamwambia askofu amua, unakula au unarudi. Askofu anakula farasi c3 na cheki (anamtishia mfalme), askari wa b anamla askofu, sasa nyeupe ana askari wawili kwenye safu ya c, mmoja c3 mmoja c4. Mtu mgeni anaona hapo nyeupe ameharibiwa. Subiri. Capa anasukuma c5, Botvinnik anakula d5, Capa anakula kwa askari wa e, na ghafla ule ubovu wa safu ya c haupo tena, yule wa mbele ameshaondoka.

Simama hapa, muvu ya 7 imeisha. Kama unataka kujifunza kitu kimoja tu kwenye gemu za d4, jifunze kufanya hiki ninachokwambia: sahau kete kubwa zote, hesabu askari. Nyeupe ana a3, c3, d4, e3, f2, g2, h2. Nyeusi ana a7, b7, c5, d5, f7, g7, h7. Saba kwa saba. Ila wamekaaje? Upande wa mfalme, kuanzia safu ya e mpaka h, nyeupe ana wanne na nyeusi ana watatu. Upande wa malkia, safu ya a mpaka c, nyeusi ana watatu na nyeupe wawili. Wa d wanatazamana wamekwama.

Hiyo ni ramani ya gemu nzima na kete kubwa hazijaanza hata kupigana. Nyeupe kazi yake ni kwenda na wale wanne wake, na wa kwanza kusogea lazima awe wa e, kutoka e3 kwenda e4 na ikiwezekana e5. Nyeusi kazi yake ni mbili kwa wakati mmoja: kule kwenye watatu wake apate faida, na hapa katikati ahakikishe e4 haitoki, au ikitoka itoke kwa maumivu. Hii ya pili ndo watu wanaisahau, na siku ile Rotterdam ilisahauliwa na mtu ambaye mpaka leo ukiuliza nani alikuwa na jicho safi kuliko wote kwenye nafasi za kawaida, wengi watakutajia yeye.

Endelea. Askofu wa nyeupe anaenda d3, Capa anafanya kaslingi (mfalme na ngome wanapishana kwa muvu moja), na muvu ya 9 farasi wa nyeupe anatoka kupitia e2. Angalia hapo. Mtoto yeyote anafundishwa farasi anaenda f3, na kwa nini Botvinnik akampeleka e2 ambako anaonekana amebanana? Kwa sababu f3 anaihitaji kwa askari. Mpango ni f3 kisha e4, farasi akikaa pale f3 amemziba askari wake mwenyewe. Mpango uko wazi tangu muvu ya 9 na hakuna aliyefichwa.

Capa naye anajua. Anasukuma b6, Botvinnik naye anafanya kaslingi, halafu Capa anamleta askofu a6 abadilishane na yule wa d3, manake askofu wa d3 akiachwa anatazama h7 moja kwa moja na e4 ikitoka anakuwa shetani. Wanabadilishana, farasi wa nyeusi anakula pale a6. Ni biashara nzuri tu, ila ina gharama: farasi sasa amekaa a6, pembeni kabisa, hana kazi. Ukumbuke huyo farasi, safari yake ndo nusu ya hadithi.

Muvu ya 12 Botvinnik anaweka askofu wake aliyebaki b2. Hapa wachambuzi wengi wanamlaumu, na mimi naona wana haki, askofu yule anatazama mgongo wa askari wake mwenyewe wa c3, nyuma yake kuna d4, haoni kitu. Atakaa hapo muvu kumi na nane bila kusogea. Capa anaweka malkia d7 anataka kwenda a4 kusumbua, Botvinnik anasukuma a4 kumzuia. Ngome ya nyeusi inakuja e8, inaangalia safu ya e, safi kabisa, hiyo ndo kuilinda e4. Halafu 14, malkia wa nyeupe anaenda d3 na kutoka pale anamtazama yule farasi wa a6 kimshazari. Farasi hana mlinzi. Lazima nyeusi afanye kitu.

Na Capa anafanya c5 kwenda c4.

Kwa macho ya haraka ni muvu tamu. Inaziba njia ya malkia kwenda a6, inampiga malkia mwenyewe kwa hiyo lazima akimbie, na nyuma yake inaacha kiboksi cha b3, ambacho askari wa nyeupe hawawezi kukilinda tena milele, maana wa a ameshapita na wa c ameshapita. Farasi akifika pale hatoki. Tena askari wa a4 amebaki peke yake hana wa kumlinda. Kila kitu upande ule ni cha nyeusi sasa.

Lakini tazama d4. Kabla ya c4, askari wa c5 alikuwa anamshikilia wa d4, yaani nyeupe akisukuma e4 tu, nyeusi anaweza kula hapa, kula pale, na katikati inabaki na matundu. Ilikuwa ni kuvuta kamba, pande zote zimekaza, na anayejisahau anaanguka. Capa akaachia kamba. Askari wa d4 kuanzia sasa hapigwi na askari yeyote tena mpaka mwisho wa dunia, na nyeupe yuko huru kujenga e4 bila kuangalia nyuma.

Hapa ndo penye ugomvi na hapa ndo pa kukaa, maana ukiitazama c4 kama kosa la kijinga hujajifunza kitu. Capablanca sio mtu wa kufanya makosa ya kijinga muvu ya 14. Alikuwa anapiga hesabu ya mbio. Yeye anasema hivi: nitamla askari wako wa a4 kabla hujafanikiwa kusukuma e4, au hata ukisukuma utakuwa umechelewa, mimi nina askari wa ziada na gemu ndefu inakuja na gemu ndefu ni yangu. Kama ingekuwa kweli c4 ingekuwa muvu nzuri. Kwa hiyo swali ni moja, nani anafika kwanza? Tuhesabu kama wao walivyohesabu.

Nyeusi: farasi kutoka a6 kurudi b8, ndiyo, b8, alikozaliwa, muvu ya 15 farasi yuko nyumbani kama hajawahi kutoka. Halafu c6, halafu a5, halafu b3. Halafu malkia anakula a4. Muvu tano.

Nyeupe: malkia anakimbia c2, ngome ya a inakuja e1, farasi wa e2 anaruka g3, askari f3, askari e4. Muvu tano.

Tano kwa tano! Muvu ya 19 nyeupe anasukuma e4 na kwa muvu hiyohiyo nyeusi anakula a4. Wote wamefika, hakuna aliyechelewa. Na ukimwambia kompyuta ya kizamani inayohesabu vitu tu itakwambia nyeusi anaongoza kwa askari mmoja.

Sasa usihesabu askari, tazama kete ziko wapi. Malkia wa nyeusi yuko a4. Farasi wa nyeusi yuko b3. Kete mbili kati ya zile bora ziko kona ya kushoto chini kabisa, zimekula askari mmoja mwembamba ambaye hata asingeliwa asingefanya lolote la maana. Upande wa pili, malkia wa nyeupe, ngome zote mbili, farasi wa g3, wote wanatazama upande wa mfalme wa nyeusi, na askari wanne wanaanza kutembea. Mbio zilikuwa sare kwa muda, tofauti ilikuwa kwamba tuzo za mwisho wa mbio hazilingani. Na farasi yule wa b3, nakwambia sasa ili usisubiri bure, hatatembea tena. Muvu ya 18 alifika pale na gemu imeisha yuko palepale.

20. e5, farasi wa f6 anafukuzwa, anarudi d7. Hapa Capa ameweka mtego mdogo mtamu ambao watu wanaupita. Malkia wawili wako kwenye mshazari mmoja, a4 na c2, katikati yuko farasi wa b3 tu. Farasi akiruka c5, malkia wanatazamana uso kwa uso, wakibadilishana mashambulizi ya nyeupe yameyeyuka, na malkia wa nyeupe akikimbia farasi anaingia d3 anakaa juu ya kichwa cha kila mtu. Botvinnik anaona, anamtoa malkia kwenda f2. Muvu ya kimya na ya lazima, na pale f2 malkia amekaa nyuma ya askari wa f ambaye ndo anafuata kutembea, yaani kukimbia kwenyewe ni maandalizi.

Capa g6, kuzuia f5. Botvinnik f4. Capa f5, anajaribu kufunga kabisa upande ule, na kama angefanikiwa kufunga basi tena, gemu ingekuwa ni ile ya kula taratibu upande wa malkia. Lakini askari wa e5 anamla kwa kupita, ile sheria ya askari aliyeruka hatua mbili kuliwa kana kwamba ameruka moja, farasi anakula f6, na sasa askari wa f wa nyeupe naye anasonga f5. Ngome moja ya kila upande zinabadilishwa pale e1, nyeusi anaweka ile nyingine e8.

26. Ngome e6. Hii kwangu ni muvu nzuri kuliko ile ya 30, nitagombana na yeyote. Ngome inaenda katikati ya adui na kusema nile. Ukiila, askari wa f5 anakula na anakuwa askari wa e6, amebakiza hatua mbili kuwa malkia, hana askari wa kumzuia, na safu ya f imefunguka malkia wa f2 anamtazama farasi wa f6. Na ukikataa, ukamleta mfalme f7 aisukume hiyo ngome? Botvinnik alishakaa na hiyo njia, ni nzuri sana nitaiweka yote: ngome inamla farasi f6 na cheki, mfalme anakula, askari anakula g6 na nyuma yake malkia anatoa cheki, mfalme anakula g6, malkia f5 cheki, mfalme g7, farasi h5 cheki, mfalme h6, nyeupe anasukuma h4, nyeusi ngome g8 kulinda g5, nyeupe g4, nyeusi malkia anarudi c6, na sasa askofu wa b2 anaenda a3. Anataka f8. Akifika f8 ni cheki, ngome ikimla imeacha kulinda g5, malkia anaingia g5 na ni meti, mfalme hana pa kukimbilia. Pitisha hiyo kwenye ubao polepole, ni halali kabisa.

Capa hakuingia huko, alikula ngome e6, askari akala, mfalme akaja g7 kumlinda farasi. Malkia wa nyeupe f4, anataka c7 na anataka pia farasi aruke f5. Na sasa hivi, muvu ya 28, ndo malkia wa nyeusi anarudi nyumbani kutoka a4 mpaka e8. Malkia wa nyeupe anaingia e5, wa nyeusi anasimama e7 mbele ya yule askari.

Tupumzike hapa maana ndo picha maarufu. Nyeusi ana nini cha kulinda? Vitu viwili. Askari wa e6 asipite, na farasi wa f6 asiliwe. Nani anavilinda? Malkia wa e7 anafanya yote mawili, mfalme wa g7 anasaidia f6. Malkia ni kete mbaya kumpa kazi ya kuzuia askari, sio kwa sababu hana nguvu, ni kwa sababu ana thamani kubwa, akipigwa na kitu chochote kidogo lazima ahame, na akihama askari anapita. Kwa hiyo unatafuta kitu kidogo cha kumpiga malkia wa e7. Nyeupe ana kete gani ambayo haifanyi kazi yoyote? Ile iliyolala b2 tangu muvu ya 12.

30. Askofu a3. Kutoka a3 mpaka e7 mshazari wote ni mtupu hauna mtu, na uko wazi kwa nini? Kwa sababu askari wa c5 alisukumwa c4. Angekuwa c5, askofu yule angekuwa anatazama ukuta. Hapo ndo nasema muvu ya 14.

Malkia akikataa kula na kurudi e8, malkia wa nyeupe anaingia c7 na cheki, askofu anakaa e7, nyeusi amesongwa. Kwa hiyo anakula a3. Sasa Botvinnik anatoa na farasi pia, 31. farasi h5 cheki. Mfalme akiingia h6 farasi anakula f6, na cheki za nyeusi zitafika mahali farasi anaruka g4, anaziba cheki na kutoa cheki yake, na nyeusi hana la kufanya ila kumtoa malkia, zimekwisha. Kwa hiyo g6 anakula h5. Malkia g5 cheki, hii inamng'oa mfalme kwenye kazi ya kulinda f6. Mfalme f8, malkia anakula f6 na cheki, mfalme g8 (akienda e8 ni malkia f7, mfalme d8, malkia d7 meti, askari wa e6 analinda). 34. e7.

Hesabu tena. Nyeupe amebaki na mfalme, malkia na askari. Hakuna kingine! Nyeusi ana malkia, farasi wa b3, na askari. Na nyeupe anatishia malkia f8, meti, kwa sababu e7 inailinda f8 na mfalme hana pa kwenda. Nyeusi hana muda wa kufanya chochote isipokuwa kutoa cheki, kila muvu lazima iwe cheki, ikikosekana moja tu gemu imeisha. Kwa hiyo swali lililobaki, mfalme wa nyeupe atajificha wapi?

Watu wengi wanakata video hapa na ni dhambi. Cheki c1, mfalme f2. Cheki c2, mfalme g3. Cheki d3, mfalme h4. Anatembea kwenda MBELE, kwa adui. Cheki e4, mfalme anakula askari wa h5. Cheki e2 (angetoa ya g6, malkia wanabadilishana, mfalme anakula g6 na e8 ni meti). Mfalme anarudi h4. Cheki e4, na sasa Botvinnik anaweka g4. Cheki e1, mfalme h5 tena, na safari hii yule askari wa g4 amemziba mfalme, mshazari wa e2 haufanyi kazi tena. Nyeusi akitaka cheki nyingine lazima amtupe malkia. Muvu ya 41, Capablanca akajisalimisha.

Alimaliza wa saba kati ya wanane. Keres na Fine waliongoza kwa pointi 8.5, Botvinnik wa tatu na 7.5, lakini alikuwa amempiga Capablanca na amempiga Alekhine mwenyewe mashindano hayohayo, na vita vya pili vya dunia visingeingia pengine mechi ya ubingwa ingekuja mapema. Aliupata ubingwa 1948. Capa alifariki New York mwezi Machi 1942. Baadaye kwenye shule ya Botvinnik walipita Karpov, Kasparov na Kramnik.

Sasa ukitaka kuisoma vizuri, usiwashe injini (programu ya kompyuta ya sataranji) kwanza. Injini itakwambia namba, pasipo kukwambia kwamba farasi amepotea. Weka ubao muvu ya 14, malkia wa nyeupe yupo d3, zamu ya nyeusi, na badala ya c4 weka malkia b7. Inamlinda farasi wa a6 vilevile na askari wa c5 anabaki alipo, kamba imekaza. Tafuta mtu wa kiwango chako, mpe dakika 20 na wewe 20, chezeni kutokea hapo, halafu geuzeni pande. Mwenye nyeupe aambiwe afanye mpango uleule wa Botvinnik, f3 na e4, asibadilishe. Akisukuma e4 mle kwa d5, atakula kwa f, na hapo mwambie ahesabu wanaomtazama askari wake wa e4: malkia wa b7, ngome ya e8, farasi wa f6. Watatu. Na d4 nayo bado inavutwa na c5. Hapo ndo utamwona anaanza kukuna kichwa, na mkimaliza ndo muwashe injini.